Harusi Tabora: bibi, wajukuu na DJ kwenye ukumbi mmoja

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa kamati zinazovutana kuhusu burudani. Tumejibu maswali yanayojirudia zaidi.

Swali: Tuna wageni 250. Vijana wanataka singeli, wazee wanataka zilipendwa, DJ anasema atachanganya. Tumwachie? (Kamati, Isevya)

Jibu: Asichanganye. Akiruka kutoka dansi la zamani kwenda singeli na kurudi, kila kundi linainuka na kukaa kila baada ya nyimbo mbili, mwishowe hakuna anayecheza. Pangeni kwa kuangalia nani anaondoka mapema. Wazee na wenye watoto wachanga huanza kuaga saa nne usiku, kwa hiyo muziki wao utangulie: ala laini wakati wa chakula, halafu zilipendwa dakika 40 mfululizo mara keki ikishakatwa. Kwaito la mistari lifuate, maana hapo shangazi wa miaka 60 na binti wa miaka 10 wanacheza hatua zile zile. Singeli isubiri mpaka saa nne na nusu.

Mwandikieni DJ muda huo kwenye karatasi, pamoja na nyimbo ambazo hamtaki zisikike mbele ya wakwe. Na chakula kitoke saa mbili. Kikichelewa hadi saa tatu na nusu, muda unaoliwa ni wa wazee. Vijana wao wapo mpaka asubuhi.

Swali: Shikamooni. Watoto watafika 40 hivi. Kuna kijana anatukodisha lile puto kubwa la kurukia. Litatosha kuwashika? (Mama mzazi wa bibi harusi, Kiloleni)

Jibu: Marahaba, mama. Halitoshi peke yake. Puto lile hujazwa na feni inayofanya kazi muda wote, umeme ukikatika linanywea watoto wakiwa ndani. Kwa hiyo lazima awepo mtu mzima asiye na kazi nyingine, wa kuwatoa haraka. Puto la kawaida liingize watoto wanane kwa zamu, wa umri unaokaribiana, bila viatu wala vibanio vya nywele. Kamba zote zifungwe kwenye vigingi. Penye kichanga kigingi kifupi hung'oka, ongezeni viroba vilivyojaa mchanga. Upepo ukianza kupeperusha maturubai, litolewe hewa.

Wengine wawekewe mikeka pembeni, mahali wanapoonekana kutoka mezani kwa wazazi, mtu mzima mmoja kwa kila watoto kumi. Kukimbia na ndimu kwenye kijiko, mbio za magunia, rede: dakika 15 kwa kila mchezo zinatosha, zikizidi wanaanza kupigana. Watoto wapewe chakula saa moja kamili, kabla ya wakubwa. Mtoto mwenye njaa ndiye anayelia katikati ya nasaha za baba mkwe. Na tafadhali, zawadi zao zisiwe filimbi.

Swali: Sherehe ni nyumbani. Genereta ya jirani ni ya 2.5 kVA, itabeba? (Kaka wa bwana harusi, Urambo)

Jibu: Jumlisha wati za vyombo vyote. Tuseme muziki 1,500, taa 400, feni ya puto 1,200: jumla 3,100. Gawa kwa 0.8 ili wati ziwe VA, kipimo cha genereta (VA 1,000 ni kVA 1), unapata karibu 3,900, yaani 3.9 kVA. Ya jirani haiwezi. Tafuta ya 5 kVA au zaidi, kwa sababu mota ya feni huvuta umeme mwingi zaidi inapoanza. Ndiyo maana feni iwashwe kwanza, muziki baadaye. Birika la umeme lisiguse laini hiyo kabisa.

Genereta ikae mita 20 au 30 nyuma ya nyumba, upande ambao upepo unapeleka moshi mbali na wageni. Waya mrefu uliozungushwa kwenye gurudumu lake ufunguliwe wote, la sivyo hupata moto na kuyeyuka. Petroli ijazwe kabla wageni hawajafika. Ikibidi kuongeza usiku, zima kwanza na uiache ipoe.

Swali: Maiki inapiga mluzi MC akitembea. (Nzega)

Jibu: Anapita mbele ya spika. Spika ziwe mbele yake, zikiwaelekea wageni, na juu ya vichwa vyao ili sauti isiwapasue masikio waliokaa karibu. Mmwambie asiufunike kwa kiganja ule wavu wa maiki. Meza ya mabibi iwe mbali na spika, ila karibu na njia ya chooni.

Swali: Ndugu wa Sikonge wanakuja na ngoma ya Kinyamwezi. Iingie wapi? (Kamati, Cheyo)

Jibu: Iwapokee maharusi mlangoni, kisha irudi wakati wa zawadi, dakika 20 kila mara. Ngozi ikipigwa na umande hulegea na mlio unakuwa mzito, kwa hiyo wapigaji watataka moto wa kuikausha kabla ya kuingia. Watengeeni mahali, mbali na maturubai na magari. DJ azime kabisa wakati huo, asipige chini chini. Ngoma haihitaji maiki. Mpeni mwimbaji peke yake.

Watu watatuza, wekeni chenji ya noti za 1,000 na 2,000. Kubalianeni mapema kama tuzo ni za ngoma au za maharusi, na mtu mmoja tu ashike kapu.

Swali: Upande wetu Waislamu, wao Wakristo. Wazee wetu hawataki dansi. (Ng'ambo)

Jibu: Anzeni na kasida na dufu. Isha hapa huingia karibu saa mbili, nyamazisheni kila kitu mpaka wanaoswali warudi, ndipo chakula kitoke. Kwaya ya upande wa pili ifuate wakati watu wanakula. Dansi lianze wazee wakishasindikizwa, na usafiri wao uwe umeshalipiwa, wasije wakakaa kwenye viti wakisubiri bajaji huku singeli inaunguruma.