Maswali yenu: kulala peke yako kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke

Niliandika majuzi mistari michache kuhusu siku nne nilizolala kwenye banda la makuti kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, mimi na mkoba wangu tu, na barua zenu zimemiminika. Wengi mko Nairobi na Mombasa. Wengine mko hapa hapa Malindi, na mmekiri kwamba mnaupita msitu ule kwa matatu kila mwezi wala hamjawahi kuingia ndani. Nimechukua maswali yanayojirudia.

"Shikamoo shangazi. Nina miaka 26, nataka kuja peke yangu likizo ya Desemba. Mama anasema mwanamke halali msituni bila mtu wake. Nimjibu nini?" (Binti wa Umoja, Nairobi)

Marahaba mwanangu. Usimwambie mama kwamba hakuna la kuogopa. Hatakusadiki, na ana haki yake. Mwambie utalala wapi, nani atakupokea, kisha mpe nambari ya simu ya mwenye banda azungumze naye mwenyewe. Mimi ni mtu mzima na bado nilifanya hivyo. Mama yangu aliongea na mpishi wa pale hadi wakagundua wote wana jamaa kijijini Ganda, na tangu hapo hakunipigia tena kuuliza kama niko hai.

Mabanda haya hayako katikati ya msitu. Yako pembeni, kwenye vijiji vya Wagiriama vinavyopakana nao, kuna nyumba za watu karibu na mlinzi wa usiku. Fika kabla ya saa kumi jioni ili uone njia, choo na jirani yako kungali na mwanga. Asubuhi ya kwanza pita ukawasalimu wazee wa karibu. Leso moja kiunoni na "hamjambo" ya dhati vitakulinda kuliko kufuli, kwa sababu kuanzia hapo wewe ni mgeni wa watu.

Lakini kuna jambo moja sitalilegeza: usiingie msituni bila mwongozaji, hata hatua mia. Mimi nililivunja. Siku ya pili nilimfuata ndege mmoja mdogo kutoka kichakani hadi kichakani, na nilipogeuka, kila upande ulikuwa sawa na mwingine. Jua lilikuwa utosini, halikunionyesha mashariki wala magharibi. Simu haikushika mtandao. Nilisimama pale nikisikia moyo wangu mwenyewe, mpaka ikaja adhana ya adhuhuri kwa mbali, kutoka upande wa mji mdogo wa Gede. Nikaishika sauti ile kama kamba. Ilipokoma niliendelea kutembea nikiwa nimeukazia macho mti niliouchagua mbele, kisha mwingine nyuma yake, hadi nikaona barabara. Nilikuwa nimepotea kama saa nzima. Mwongozaji aliponiona hakunigombeza, alinipa maji tu, na aibu ile ndiyo iliyonifunza.

"Nafikaje huko kwa usafiri wa kawaida?" (Msomaji wa Voi)

Shuka Mombasa, panda matatu ya Malindi, umwambie makanga akushushe Gede. Ni kama kilomita 100. Ukitokea Malindi ni chini ya kilomita 20. Msitu utauona mkono wa kushoto ukitoka Mombasa, unakusindikiza kwa muda mrefu kabla ya Gede. Pale njia panda kuna tuktuk na bodaboda. Patana bei kabla ya kupanda, na umpigie mwenye banda amweleze dereva njia.

"Je, ni kweli kuna ndovu? Na nyoka? Mimi ni mwoga wa wanyama." (Karani wa Thika)

Kweli, ndovu wapo. Na nikupe neno moja la pwani kabla hujafika: huku ukisema "tembo", wengi watadhani unauliza pombe ya mnazi. Sema ndovu. Mpaka wa msitu una ua wa umeme, uliowekwa ili wasiingie kwenye mahindi na mihogo ya watu, maana kabla yake familia zilikuwa zikipoteza chakula cha mwaka kwa usiku mmoja. Ndani, mwongozaji husoma kinyesi na nyayo, na akiona mbichi anabadilisha njia. Akisema turudi, rudini. Usimsihi eti umetoka mbali.

Nyoka ni wa kuheshimiwa. Vaa viatu vya kufunika mguu, tembea na tochi usiku, usitie mkono kwenye shimo wala chini ya gogo. Wengi husikia kishindo chako wakaondoka kabla hujawaona. Anayenitia mimi hofu kuliko wote ni mbu. Pwani ina malaria, dada. Zungumza na daktari kuhusu dawa ya kinga kabla ya kusafiri, lala ndani ya neti, na ukipata homa hata wiki kadhaa baada ya kurudi, nenda ukapimwe siku hiyo hiyo na umwambie mhudumu kwamba ulikuwa pwani.

Kuna na komba. Usiku wa kwanza utasikia kama mtoto mchanga analia juu ya paa. Ni yeye, mnyama mdogo mwenye macho makubwa, na wagema wanamjua vizuri kwa sababu hupanda mnazi kuonja kibuyu kabla yao. Lala.

"Samahani kwa swali hili, lakini choo kikoje? Na kuoga?" (Wengi sana)

Msiombe samahani. Choo nilichotumia hakikuwa na maji ya kuvuta. Ni chumba cha udongo kilichoezekwa makuti, kiti cha mbao, chini kuna shimo kavu, na pembeni ndoo ya majivu yaliyochanganywa na takataka za randa. Ukimaliza unachota kifuu kimoja cha majivu, unamwaga, unafunika. Hakinuki. Nimeingia vyoo vya hoteli za vigae vilivyonuka kuliko kile. Majivu hukausha na kuzuia nzi, shimo likijaa hufunikwa likaachwa mpaka liwe mbolea, na wakati huo linatumika la pili.

Maji ya kuoga yalikuwa ndoo moja na kata. Pipa jeusi hukaa juani mchana kutwa, hivyo jioni maji ni vuguvugu bila kuni hata moja. Ndoo moja ya lita 20 inatosha kabisa, pamoja na nywele, ukijua kwamba mama fulani kijijini anayabeba yale yale kichwani. Umeme ni wa jua, wa taa na simu tu. Anayehitaji feni usiku kucha asijilazimishe. Mji wa Watamu uko karibu na kuna vyumba vya kila aina.

"Kila hoteli siku hizi inajiita ya kutunza mazingira. Nitatambuaje ya kweli?" (Mwalimu wa Kilifi)

Hili ndilo swali nililolisubiri, Mwalimu, na niruhusu nikae nalo.

Miaka iliyopita nililala mahali palipokuwa na kibao kikubwa cha mazingira langoni. Jenereta iliunguruma hadi saa sita usiku. Kima walirushiwa mkate ili wageni wapige picha, na kima aliyezoea mkate hunyang'anya, akinyimwa huuma. Mlango wa chumba changu ulikuwa mbao mpya ya mbambakofi. Niliuliza ilitoka wapi. Kila niliyemuuliza alinielekeza kwa mwingine. Mbambakofi ndio mti uliotoa milango ya Lamu tunayojivunia, na ndani ya Arabuko-Sokoke miti mikubwa ya aina hiyo imekatwa mno. Nililala nyuma ya mlango ule nikiwa na hasira ambayo bado ninayo.

Kwa hiyo anza na mbao. Tazama juu. Fito, pau na boriti za mkoko ni urithi wa ujenzi wetu, lakini muulize mwenyeji alizipata kwa kibali gani. Aliyejenga kwa kujali mara nyingi atakuonyesha mivinje, inayopandwa na wakulima wa Malindi na Kilifi kwenye mashamba yao kwa ajili ya nguzo, na viti vya mwarobaini, mti unaojiotea kila uwanja huku. Muulize kuni za jikoni zinatoka wapi. Akisita, kumbuka kwamba msitu uko mita mia mbili nyuma ya jiko.

Kisha uliza mpishi ni wa wapi, mlinzi ni wa wapi, mboga zimenunuliwa kwa nani. Pale nilipolala safari hii, mchicha ulitoka shamba la jirani, nikamwona mwenye shamba akihesabu pesa zake pale pale uwanjani. Mbaazi za nazi na mahamri ya asubuhi yalipikwa na mama ambaye mwanawe ndiye mwongozaji. Pesa yangu ilitembea hatua mia tatu tu. Hilo ndilo ninaloliita mazingira, kwa sababu msitu unaozungukwa na watu wenye njaa hauna mlinzi.

Na hili si dhana yangu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakazi wengi wa pembezoni walitaka Arabuko-Sokoke ukatwe wapate mashamba. Ulikuwa hifadhi ya msitu ya serikali tangu 1943, nao hawakuona faida yake zaidi ya ndovu kuwalia mazao. Mwaka 1993 ukaanza mradi wa Kipepeo, hapo kwenye uwanja wa magofu ya Gede. Wakulima hunasa vipepeo wachache, huwafuga ndani ya neti, huwalisha viwavi majani ya miti ya msituni, kisha huuza pupa, yaani viwavi waliokwisha jifunga ndani ya ganda, zikapelekwa nje kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo. Mti uliokuwa kuni ukageuka malisho ya mfugo wa mtu. Nenda ukaone. Mama mmoja alinifunulia kikasha na ndani pupa zilikuwa zimepangwa kwa mistari juu ya pamba, nyingine za kijani kama jani bichi, moja ikitingishika. "Huyu hatafika Ulaya," akasema, "huyu ni wa leo." Hata hatukumaliza mazungumzo, ganda likapasuka.

"Nitaona nini hasa? Si Maasai Mara." (Baba wa watoto wawili, Mombasa)

Si Mara, ndugu yangu, na ukija kutafuta simba utarudi umekasirika. Huu ni msitu wa kilomita za mraba 420 hivi, mkubwa kuliko misitu yote ya aina yake iliyobaki pwani ya Afrika Mashariki, na mambo yake makubwa yana miili midogo. Tembea upande wa mchanga mweupe wenye miti ya mirihi, kisha upande wa udongo mwekundu wenye vichaka vya mifunda. Utahisi umevuka nchi.

Kwenye mifunda ndiko anakoishi bundi wa Sokoke, mdogo wa kuingia kwenye viganja viwili. Wanasayansi walimjua mwaka 1965 tu, papa hapa, na baadaye akapatikana pia chini ya milima ya Usambara, Tanzania. Mwongozaji alinisimamisha mbele ya kichaka akaniambia, "Tazama, mama." Sikuona kitu. "Tazama majani makavu." Majani mawili yalikuwa na macho. Wawili, dume na jike, wamebanana bega kwa bega kwenye kitawi, mmoja wa rangi ya kutu na mwenzake kijivu. Nilizuia pumzi.

Na kuna sengi wa kiuno cha dhahabu, mnyama mdogo anayefanana na panya. Huchokora majani kwa pua yake ndefu, kwarakwara, ukisogea anaruka, na unachobakiwa nacho ni ile nyuma ya manjano ikipotea. Nyumba yake ni lundo la majani makavu usilolitofautisha na takataka. Wapo na kwenye magofu ya Gede, mji wa Waswahili wa zamani ulioingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2024, kwa hiyo watoto wako waanzie hapo. Waambie wanyamaze dakika kumi.

"Mwezi gani mzuri?" (Msomaji wa Eldoret)

Masika, kuanzia Aprili hadi Juni, njia hujaa matope na mbu huzidi. Vipepeo hunoga mvua ikishapungua. Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi, ni joto lakini kukavu, na ndege wageni wa kutoka kaskazini wamejaa, hasa kwenye hori la Mida, mkono wa bahari ulio karibu na msitu.

"Mimi ni mzaliwa wa Malindi, nina miaka 54. Kweli nilipe pesa nikalale kilomita chache kutoka kwangu?" (Mvuvi mstaafu, Shela)

Ndiyo, kaka yangu, na wewe ndiye ninayekutaka zaidi. Kuna ndege mmoja, mnana wa manjano na mweusi, anayeishi katika kaunti yetu ya Kilifi tu na si kwingine duniani. Hakuna aliyejua anataga wapi mpaka mwaka 2013, viota vyake vilipoonekana kwenye bwawa la msimu huko Dakatcha, kaskazini ya mto Sabaki. Ni jirani yetu wa miaka yote.

Usiku mmoja unatosha. Panda matatu ya saa nane, chukua tochi, shati la mikono mirefu na ndizi za njiani, ila usizioneshe kima. Ada ya kuingia msituni hulipwa kwa simu, mwambie mwongozaji akusaidie jioni ile ile, kisha muulize saa ya kuamka. Atakwambia saa kumi na moja alfajiri. Wewe uliyezoea kutoka na maji ya kujaa hutaona tabu.