Wasomaji Wauliza: Nakuru na Kharkiv Zimo Katika Mstari Mmoja

SWALI: Mimi ni katibu wa chama cha akina mama na mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya kanisa letu hapa Lanet, Nakuru. Mwana wa dada yangu alikuwa akisomea udaktari katika mji wa Kharkiv, Ukraine, vita vilipolipuka. Aliondoka huko kwa treni mwanzoni mwa Machi 2022, akiwa na begi moja na mtungi wa matango ya siki aliofungiwa na bibi mwenye nyumba aliyokuwa amepanga. Bibi huyo hana mtoto aliyebaki karibu naye, na hadi leo humpigia simu kijana wetu kila Jumapili alasiri. Kwaya yetu ingependa kufanya jambo kwa ajili ya mji huo, lakini wenzetu wawili wanapinga. Mmoja anasema kwamba Wasudani ndio walio karibu nasi, na mwingine anatukumbusha jinsi vijana weusi walivyorudishwa nyuma mipakani. Je, tunakosea? Na ikiwa hatukosei, kwaya isiyo na fedha ianzie wapi? – *Katibu, Lanet*

JIBU: Mama Katibu, barua yako imekaa mezani kwangu kwa majuma mawili, kwa kuwa sikutaka kuijibu kwa pupa. Nilipofungua ramani ili nijikumbushe mji huo uko wapi, niliona jambo ambalo sikuwahi kulitambua. Nakuru na Kharkiv zimo karibu katika longitudo moja, digrii 36 mashariki na dakika chache. Mtu akitoka Lanet akaelekea kaskazini bila kupinda, atapita Ziwa Turkana, magharibi mwa Ethiopia, mashariki mwa Sudan, Bahari ya Shamu, Syria, Uturuki na Bahari Nyeusi, na baada ya kilomita kama 5,600 atakuwa ameingia Kharkiv. Tena, tangu mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba saa za huko na za hapa ni zilezile, kwa hiyo bibi yule anapompigia kijana wenu saa kumi jioni, kwake pia ni saa kumi jioni.

Mstari huo, kama umeona, unapita Sudan. Mwenzenu anayewataja Wasudani anasema kweli: vita vilivyoanza Khartoum tarehe 15 Aprili 2023 vimewahamisha watu zaidi ya milioni 10 kutoka makwao, na baadhi yao wamefika hapa nchini, Kakuma. Msikilizeni na mumpe yeye mwenyewe jukumu la kuongoza mchango wa Wasudani. Ila sijapata kuona mtu aliyezoea kuwalilia wafiwa wa mbali kisha akamfungia mlango jirani yake. Wanaofunga milango huwafungia wote. Kwaya ikiimba kwa ajili ya Kharkiv Jumapili hii, na sadaka ya Jumapili ijayo ikapelekwa kwa Wasudani, sioni aliyepunjwa.

Jambo la mwenzenu wa pili ni zito zaidi, na halifai kufunikwa. Vijana wa Kiafrika walisimulia jinsi walivyoshushwa kwenye mabehewa au kusimamishwa baridini nyuma ya foleni huku wengine wakipitishwa. Umoja wa Afrika ulitoa tamko tarehe 28 Februari 2022, siku nne tu baada ya uvamizi kuanza, ukisema kwamba kila mtu ana haki ya kuvuka mpaka wa kimataifa wakati wa vita, na kwamba kumtenga Mwafrika katika hali hiyo ni ubaguzi wa rangi. Mama huyo asinyamazishwe kwa neno kama "tusamehe tusahau". Lakini aliyewasukuma vijana wetu si yule bibi aliyefunga matango kwenye mtungi. Mkiandika barua kwenda Kharkiv, liandikeni na hilo la mipakani, kwa adabu na bila kulizungukazunguka. Urafiki unaoanza kwa kuficha jeraha haufiki mbali.

Naomba nikuambie kwa nini mimi mwenyewe nimeshikwa na jambo hili. Mnamo Januari 2008 nilikuwa nikipita kila siku kando ya Uwanja wa Maonyesho hapa Nakuru, ambapo maelfu ya watu waliofukuzwa makwao baada ya uchaguzi walikuwa wakilala katika mahema, mahali palepale ambapo tulikuwa tumezoea kwenda kutazama ng'ombe wa mashindano. Nilimwona mwanamume mmoja, mkulima kwa jinsi mikono yake ilivyokuwa, akiwa amekaa juu ya gunia tupu na ufunguo wa nyumba mkononi. Nyumba ilikuwa imeteketea, naye alijua. Alikuwa akiugeuzageuza ule ufunguo tu. Alichosema nilipomsalimia ni hiki: je, huko nje watu wanajua tuko hapa? Chakula kilikuwapo siku hiyo. Alichokihitaji ni kujulikana. Ndiyo maana siwezi kumwambia mtu wa Nakuru kwamba mji wa mbali unaopigwa makombora haumhusu.

Sasa mji wenyewe. Kharkiv ni mji wa pili kwa ukubwa nchini Ukraine, na kabla ya vita ulikuwa na wakazi kama milioni 1.4, wakiwemo wanafunzi wengi kutoka Nigeria, Morocco, India na kwingineko. Uko kilomita kama 30 tu kutoka mpaka wa Urusi, na hapo ndipo ilipo shida yake, kwa kuwa kombora linaweza kutua kabla mtu hajamaliza kushuka ngazi. Tarehe 1 Machi 2022 jengo la utawala wa mkoa lililoko kwenye Uwanja wa Uhuru lilipigwa. Kwa miezi mitatu watu waliishi katika vituo vya reli ya chini ya ardhi, wakitandika magodoro kwenye jukwaa la abiria na ndani ya mabehewa yaliyosimama, hadi treni ziliporudi kazini mwishoni mwa Mei.

Na hapa ndipo nataka kwaya yenu inisikilize. Mji huo ulikuwa umepanga kufungua tamasha lake la muziki tarehe 26 Machi 2022. Siku ilipofika, wanamuziki hawakuahirisha. Walishuka na ala zao hadi katika kituo cha treni na kupiga muziki mbele ya watu waliokuwa wakilala pale, wengine wakiwa wamejifunika mablanketi. Kwa hiyo mkiuliza kwaya isiyo na fedha ianzie wapi, nitasema ianze kwa kuimba, maana hiyo ndiyo lugha ambayo mji ule ulichagua ulipokuwa katika hali mbaya kuliko zote.

Imbeni wimbo wenu mmoja, ule ambao mnauimba vizuri kuliko yote, kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama. Kisha jifunzeni mmoja wa kwao. Upo mmoja ambao sauti yake mnaijua tayari, ule wimbo wa kengele unaosikika madukani kila Krismasi, uitwao "Carol of the Bells" kwa Kiingereza na "Shchedryk" kwao. Aliyeupanga kwa kwaya ni Mykola Leontovych wa Ukraine, uliimbwa kwa mara ya kwanza Kyiv mwaka 1916, na yeye mwenyewe aliuawa kwa risasi Januari 1921. Maneno ya asili hayataji kengele wala Krismasi. Yanasimulia mbayuwayu aliyeruka hadi uani kwa mwenye boma, akimwita atoke aone kwamba kondoo wake wamezaa. Mfugaji yeyote wa Njoro au Subukia angeuelewa wimbo huo bila kufasiriwa, na mbayuwayu wa Ulaya tunawaona hapa ziwani kila mwisho wa mwaka, wakiwa wamekimbia baridi.

Rekodini nyimbo hizo mbili kwa simu, hata kama jogoo atawika katikati, kisha kijana wenu amtumie yule bibi. Msianze na shirika wala bendera. Bibi atawaonyesha majirani, na kama kuna kwaya karibu naye, yeye ndiye atakayewakutanisha. Barua pepe za salamu za jumla kwa ofisi za mji zinaweza kungoja.

Kuhusu fedha, nitasema machache. Msitume shilingi kwa nambari ya simu mliyoletewa na mtu msiyemjua katika kundi la WhatsApp, hata picha za watoto ziwe za kuhuzunisha namna gani. Ikiwa mtachanga, peaneni kupitia Shirika la Msalaba Mwekundu, na mdai risiti kama chama chochote chenye daftari.

SWALI: Mimi nafundisha muziki katika shule ya upili mjini Kisumu. Nimesikia kwamba miji ya Ulaya na Marekani imefanya undugu na Kharkiv. Je, Kisumu inaweza kufanya vivyo hivyo, na tuna nini cha kubadilishana nao kiutamaduni? – *Mwalimu, Kisumu*

JIBU: Mwalimu, Kharkiv ina undugu na Cincinnati ya Marekani tangu 1989 na Nuremberg ya Ujerumani tangu 1990, na Kisumu nayo ina undugu wake na Boulder na Roanoke, miji ya Marekani. Kuungana rasmi ni kazi ya serikali ya kaunti, na hayo huchukua muda. Usiusubiri muhuri. Una nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo.

Huko Ukraine kuna ala iitwayo bandura, yenye nyuzi nyingi, zile za kisasa zikipita 60, na mpigaji huiegemeza kifuani kama mtu aliyempakata mtoto. Nyatiti ina nyuzi nane, na mpigaji hukaa kwenye kigoda, njuga mguuni, na pete ya chuma katika kidole gumba cha mguu ikigonga ukingo wa ala. Ukiziweka pamoja utaona kwamba hazifanani. Kinachofanana ni kazi zao. Bandura na ndugu yake kobza zilikuwa mikononi mwa waimbaji waliokuwa vipofu, walioitwa kobzar, wakiongozwa na mtoto kutoka kijiji hadi kijiji, wakisimulia vita vya kale, utumwa na sifa za mashujaa. Mzee wa nyatiti naye huitwa matangani ili ataje ukoo wa marehemu na matendo yake, na anayekosea ukoo husahihishwa papo hapo na akina mama waliokaa mkekani. Wote wawili ni watunza kumbukumbu, na ndiyo maana wenye mabavu huwaogopa.

Mfano uko Kharkiv kwenyewe. Hnat Khotkevych alizaliwa huko mwaka 1877 na alisomea uhandisi, akafanya kazi katika reli. Mwaka 1902, reli ikiwa imefika Kisumu majuzi tu, yeye aliwakusanya kobzar kutoka vijijini na kuwapandisha jukwaani mbele ya wataalamu waliokutana Kharkiv kwa kongamano la akiolojia, ili wasomi wasikie kwa masikio yao kile walichokuwa wakikiandikia vitabu. Baadaye, mwaka 1926, alianzisha darasa la bandura katika chuo cha muziki cha mji huo. Mwaka 1938 utawala wa Stalin ulimpiga risasi. Miaka hiyohiyo ya 1930 waandishi wengi waliokuwa wakiishi katika jengo moja la Kharkiv liitwalo Slovo, yaani Neno, walikamatwa, na wengi hawakurudi. Jengo hilo bado lipo, nalo liliharibiwa kwa makombora Machi 2022. Mei 2024 kiwanda kikubwa cha kuchapisha vitabu mjini humo kilipigwa, wafanyakazi saba wakafa na maelfu ya vitabu yakaungua. Nayataja haya ili wanafunzi wako wajue kwamba wanapobadilishana nyimbo na mji ule hawafanyi mchezo wa kupitisha wakati.

Liko jambo jingine la kuwafundisha. Ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega iliwekwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mwaka 2022, vita vikiendelea, upishi wa borscht, yaani supu ya kiazi chekundu ya Waukraine, uliingizwa katika orodha hiyohiyo, kwa kuwa wapishi walikuwa wametawanyika na mashamba yao yalikuwa yamepigwa. Waulize wanafunzi wako ni kitu gani kingepotea Nyanza ikiwa kila mama angelazimika kuondoka jikoni kwake kesho asubuhi. Majibu yao ndiyo barua yako ya kwanza kwenda Kharkiv.

SWALI: Wanafunzi wangu wa gredi ya sita wamesikia kwamba watoto wa Kharkiv husomea chini ya ardhi, na wanataka kuwaandikia. Niwaongozeje? – *Mwalimu, Bungoma*

JIBU: Ni kweli. Tangu Septemba 2023 madarasa yamewekwa katika vituo vya reli ya chini ya ardhi, na Mei 2024 ilifunguliwa shule ya kwanza iliyojengwa mahsusi chini ya ardhi. Watoto wengine husoma kwa intaneti, na wapo ambao wamemaliza miaka kadhaa ya shule bila kukaa dawati moja na rafiki zao.

Barua zipitie kwako na kwa mwalimu wa huko, wala zisiwe na jina kamili la mtoto, picha ya jengo au mahali shule ilipo, kwa sababu katika mji unaolengwa habari kama hizo zinaweza kumdhuru mtu. Wanafunzi wasiulize juu ya mabomu. Mtoto akitaka kuyasema atayasema mwenyewe. Waandike juu ya mambo wanayoyaona: mahindi yalipofika, mvua ilivyonyesha juu ya mabati hadi mwalimu akaacha kufundisha, nani alifunga bao. Mtoto mmoja wa darasa lako achore mlango wa darasa ukiwa wazi na uwanja ukionekana nje, kisha aandike chini yake wanacheza nini saa ya mapumziko, na awaulize wao hucheza nini.