Jibu: Nyumba ya wazazi, milioni 2, nianzie wapi?

Pole kwa msiba, mkuu. Umesema nyumba ya marehemu mzee hapo Tanga ilijengwa 1978, una milioni 2, na unataka kuanza na jipsamu na marumaru. Kwa heshima, acha hizo kwanza.

Ingia darini mchana wa jua kali. Kila tundu la bati litakuonyesha mwanga. Kwetu bati lilikuwa zima, ila misumari imelegea na raba zake zimekwisha. Tuling'oa mibovu, tukaziba matundu kwa lami, tukapiga mipya pembeni kidogo. Ukiwa huko juu, chokoa kenchi (mbao zinazobeba bati) kwa bisibisi. Ikizama kirahisi, ujue mchwa wameshakutangulia.

Ule ukuta unaomenyuka rangi kwa chini usiupake rangi ya mafuta, utaficha ugonjwa tu, yaani unyevu. Zunguka nje: mara nyingi udongo umepanda hadi kuipita sakafu ya ndani. Uchimbe udongo huo uutoe, kwangua lipu iliyovimba, acha ukuta ukauke wiki kadhaa ndipo upige lipu mpya.

Nyaya za umri huo mwite fundi umeme mwenye leseni. Hapo usibane.

Na ile sakafu nyekundu ya saruji unayoiita ya kizamani? Mama yangu aligoma yetu isivunjwe. Tuliisugua, tukaipiga nta, sasa wageni wanauliza tuliipata wapi. Milango nayo ikiwa ya mninga, msasa na vanishi vinatosha. Fundi akijitolea "kukutupia" ile mizee, mkatalie.