Mapungubwe: kuvuka mto na kupanda kilima

Wanaotembelea Hifadhi ya Taifa ya Mapungubwe, kaskazini mwa Afrika Kusini, huuliza kama wanaweza kuvuka mto kwa miguu. Hapana, huwezi kuvuka kwenda Botswana pale kwenye makutano ya mito Limpopo na Shashe, hata kama mto umekauka na mbele yako ni mchanga mtupu. Ule ni mpaka wa nchi tatu, Afrika Kusini, Botswana na Zimbabwe, unautazama tu. Kivuko halali kilicho karibu ni Pontdrift, magharibi mwa hifadhi: hufunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni, pasipoti mkononi. Maji yakijaa magari hayapiti, kwa hiyo msimu wa mvua piga simu kwanza, la sivyo utazunguka hadi kivuko cha Groblersbrug, ambacho upande wa Botswana huitwa Martin's Drift.

Kilima cha Mapungubwe, palipokuwa na mji wa kale wa kifalme, hakipandwi bila mwongozaji wa hifadhi. Weka nafasi mapema na uchague zamu ya asubuhi, maana mchana mawe yale yanachoma kweli. Kile kisanamu cha kifaru wa dhahabu kilichofukuliwa kwenye makaburi ya juu ya kilima hutakikuta huko, kiko Pretoria. Kwenye makumbusho ya hifadhi zitazame kwa makini shanga za kioo: zililetwa na biashara ya Bahari ya Hindi, karne ya 13, kupitia bandari za pwani yetu hii ya mashariki.

Kinachowakwamisha wengi ni kwamba hifadhi ina vipande viwili, na katikati kuna mashamba ya watu. Kilima na makutano viko mashariki, eneo la kupiga kambi la Mazhou liko magharibi. Ukilala Mazhou, hesabu muda wa kurudi kabla geti halijafungwa. Na dawa ya malaria usiisahau.