Kabla ya kulipia kozi ya kuchora ya juu, rudi kwenye boksi

Jumatatu kijana mmoja wa Mbeya aliniandikia: "Kaka, nimeona ile picha ya babu uliyoiweka. Gridi, ile ya kunakili picha kwa miraba, nimeshaimaliza. Sasa nataka kozi ya juu kabisa ya mtandaoni, ya kuchora sura kama picha ya kamera. Nilipie ipi?" Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, nikaifuta. Jibu lake linaanzia Tandika, Dar es Salaam, mwaka 2021.

Wakati huo nilikuwa na miaka sita ya kuchora sura za watu kwa penseli na wateja hawakuwa haba. Dada mmoja akaniletea picha ya pasipoti ya marehemu mama yake, akaomba niikuze kwenye karatasi ya A3 kwa kumbukumbu ya mwaka mmoja. Nikaipiga gridi, nikaweka kila mstari mahali pake: makunyanzi, kope, hata kidoti cha kidevuni. Alipoipokea aliishika muda mrefu, kisha akasema kwa upole, "Umechora vizuri kaka, lakini huyu si mama." Nikamrudishia elfu 60 zake. Sauti ile bado ninayo.

Nilichelewa sana kuelewa kilichotokea. Picha ya pasipoti hupigwa kwa flashi ya mbele. Mwanga unaingia kila bonde la uso na kufuta vivuli, sura inabaki bapa kama sinia. Gridi nayo inakupa kilichopo tu kwenye picha. Kilichofutwa na flashi mchoraji lazima akirudishe mwenyewe, na hawezi kama hajui fuvu limekaaje chini ya ngozi. Mimi nilijua kunakili, basi.

Nikakosea mara ya pili. Nililipia kozi ya ngozi halisia, nikaruka masomo yote ya mwanzo, nikakimbilia vinyweleo na mng'ao wa midomo. Kazi yangu ya kwanza mwalimu aliijibu kwa sentensi moja: "Umechora kope kabla ya kuchora jicho." Iliniuma, nikazima simu. Lakini alikuwa sahihi. Jicho ni tufe, na kope ni ngozi iliyofunika tufe hilo. Ukichora kope bila kulifikiria tufe, jicho linakuwa stika iliyobandikwa usoni.

Ndipo nikarudi chini kabisa. Drawabox, tovuti ya kufundisha kuchora, ina masomo ya bure, na ndani yake kuna zoezi la maboksi 250. Unachora boksi moja moja kwa kalamu ya wino, bila kufuta, kisha unairefusha mistari yake kwa rangi nyingine uone kama kweli inaelekea kukutana kule mbali. Yangu ya kwanza ilitawanyika kila upande. Miezi ile siisimulii, ni boksi juu ya boksi. Ila nilipoingia kwenye kichwa kwa njia ya Andrew Loomis, mchoraji wa Marekani, nilikuta mambo ninayoyajua: tufe lililokatwa pembeni, mstari wa nyusi, kisha uso katika sehemu tatu, kutoka nywele hadi nyusi, nyusi hadi chini ya pua, pua hadi kidevu. Kichwa kikainama na kugeuka mikononi mwangu. Ilikuwa mara ya kwanza kuchora mtu anayetazama chini bila kumwazima kwenye picha.

Msidhani kujifunza kwa mwalimu aliye mbali ni jambo la juzi. Mchoraji Charles Bargue, akishirikiana na mwenzake Jean-Léon Gérôme, alichapisha nchini Ufaransa seti ya michoro ya kunakili katika miaka ya 1860 na kuendelea. Mwaka 1880 mchoraji Vincent van Gogh, akiwa na miaka 27 huko Ubelgiji, aliinakili kwa mpangilio wake. Mwalimu hakuwa chumbani. Kilichokuwepo ni mpangilio na mtu aliyekubali kuufuata.

Kuna jambo moja ambalo hakuna kozi niliyolipia iliyonifundisha. Karibu mifano yao yote ilikuwa watu weupe. Kwenye ngozi nyeupe umbo linasomeka kwenye kivuli. Kwenye ngozi yetu nyeusi kivuli na rangi ya ngozi vinakaribiana, umbo linajieleza zaidi kwenye mng'ao: paji la uso, mgongo wa pua, mfupa wa shavu, mdomo wa chini. Nilipofuata somo lao neno kwa neno, bibi zangu wote walitoka wakiwa na rangi ya majivu. Sasa natandaza weusi wa kati kwa penseli laini ya 4B uso mzima, nikiacha sehemu za mng'ao, halafu naunyanyua mwanga taratibu kwa raba laini ile ya kukanda. Weusi wa mwisho natumia mkaa, kwa sababu penseli ukiikandamiza inang'aa na kuharibu kila kitu. Ile picha ya babu ilitoka hivyo. Mjukuu wake alipoiona hakusema neno, aliigusa shavuni.

Kwa hiyo mdogo wangu, na wengine mnaosoma: chagua kozi moja, uimalize kwa mpangilio wake. Usiruke. Lipia ile ambayo mtu anaiangalia kazi yako na kukujibu, maana video peke yake haioni kosa lako. Na usiruke, narudia, kwa sababu najua unataka kuruka. Tunapenda kusema tuna kipaji. Kipaji hakijui mfupa wa shavu unaishia wapi. Unayepokea hela ya mtu achorewe mzazi wake, umebeba amana, na amana haibebwi kwa kubahatisha.

Kijana wa Mbeya, usilipe chochote mwezi huu. Nitumie maboksi yako 20 ya kwanza yakiwa na mistari iliyorefushwa, usichague yaliyotoka vizuri. Picha ya yule mama wa Tandika bado ninayo kwenye simu. Nimeshaichora upya mara tatu, na ya tatu nimempelekea binti yake jana, bila malipo. Bado hajanijibu.