Jiki, petroli na mchanga wa ziwani: maswali yenu ya mipira ya pool

Tangu nilipoandika kuhusu kubadili kitambaa cha meza, ujumbe unaoingia ni wa mipira tu. Mengi ni swali lilelile limevaa nguo tofauti: nipake nini ing'ae? Nimechagua machache. Wengine mtajikuta mmejibiwa humohumo.

Mwakeye fundi. Nina baa Mwandiga, Kigoma. Mpira mweupe umekuwa wa njano, nimeuloweka kwenye jiki usiku kucha na haujarudi. Niongeze jiki au nichanganye na dawa ya choo?

Mwakeye bosi. Kabla ya mpira, hiyo dawa ya choo irudishe ilikotoka. Jiki ikikutana na dawa ya choo yenye asidi inatoa gesi ya klorini. Gesi hiyo inachoma macho na mapafu, na kwenye stoo isiyo na dirisha inaweza kuua mtu. Na tusidanganyane, atakayeinama juu ya ndoo hiyo si wewe. Ni binti wa zamu ya asubuhi, mikono mitupu.

Sasa mpira. Unjano huo si uchafu. Ni plastiki yenyewe imebadilika rangi kwa jua na umri, kwa hiyo hakuna cha kuosha. Jiki inachofikia ni uso wa nje, ambao unafifia, na mpira uliofifia unashika chaki, ile inayopakwa ncha ya fimbo, kuliko ulivyoshika jana. Niambie, meza yako iko barazani, siyo? Na mipira mchana kutwa iko juu ya meza, jua la saa tisa linaipiga. Tafuta boksi lenye kifuniko. Huo wa njano endelea kuuchezea, rangi haibadilishi mwendo.

Fundi, dawa ya meno inafaa?

Haifai. Ina chembe za kusugulia. Nimelijibu swali hili mara nyingi kiasi kwamba nashuku kuna mtu anawatuma.

Huku Kibirizi tunasugua sufuria kwa mchanga laini wa ziwani na zinang'aa. Nikijaribu kwenye mipira?

Sufuria haihitaji kubingirika. Mchanga ni mgumu kuliko plastiki ya mpira, kwa hiyo kila unaposugua unachora mikwaruzo midogo ambayo jicho halioni lakini chaki inaiona. Wiki moja mbele mpira umekuwa mweusi kuliko mwanzo, halafu unaanza kukilamba kitambaa. Steelwool ni hivyohivyo, msasa ndiyo kabisa.

Watu wanasahau kwamba meza tayari ina msasa wake. Chaki ya fimbo si chaki ya ubaoni. Wamarekani wawili, William Spinks na William Hoskins, waliipatia hati ya uvumbuzi mwaka 1897 kule Chicago, na ndani yake mna silika na korundi, yaani madini ya kukwaruzia. Hicho ndicho kivumbi cha buluu mnachokiacha kwenye mipira siku saba, halafu siku ya nane mnaniuliza mpake nini. Na chaki ikiwekwa ukingoni mwa meza, upande wenye rangi utazame juu. Mnailaza kifudifudi makusudi?

Yuko pia fundi mmoja mjini anayewaambia watu atawachongea mipira upya kwa msasa. Mpimeni kwanza akili. Kwenye meza nyingi za kulipia kwa sarafu mipira ya rangi ina kipenyo cha milimita 50.8 na mweupe ni mdogo kidogo, kama 47.6. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayouwezesha mweupe kurudi ukidumbukia shimoni, wakati wengine wanabaki tumboni mwa meza. Meza nyingine hutumia mweupe wa ukubwa uleule wenye chuma ndani, unavutwa na sumaku. Ukichezea vipimo, au ukienda sokoni kununua mweupe wowote mradi mweupe, utakuwa unafungua meza kila mchezo.

Shikamoo fundi. Mimi ni mhudumu hapa Mwanga, Kigoma. Bosi kaniambia nisafishe mipira, kanipa chupa ya petroli na tambara. Mwenzangu anasema tutumie dawa ya kutoa rangi ya kucha. Nifanye lipi?

Marahaba binti yangu. Usifanye lolote kati ya hayo mawili, na ujumbe huu mwonyeshe bosi wako.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unatambaa sakafuni hadi kwenye jiko la mchoma mishikaki, na hauhitaji kuonekana ili ushike moto. Asetoni, yaani hiyo dawa ya kutoa rangi ya kucha, nayo inashika moto upesi, na juu ya hapo inaweza kula namba na uso wa mipira ya bei nafuu. Zote mbili zinapenya na kukausha ngozi. Bosi anayempa mhudumu petroli aoshee vitu ndani ya baa anajiokolea bei ya sabuni. Hesabu hiyo sijawahi kuielewa.

Chukua ndoo, maji ya uvuguvugu ambayo ungeweza kumwogeshea mtoto, na matone machache ya sabuni ya maji ya vyombo. Sabuni ya kienyeji ya mawese inatoa mafuta vizuri, ila kama inakuwasha mikono ujue kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, imezidi, iache. Kaa chini juu ya mkeka au taulo, maana mpira ukiponyoka kwenye sementi unameguka. Osha mmoja mmoja kwa fulana ya pamba iliyochakaa, isiyo na zipu wala kifungo. Usiilundike yote kumi na sita kwenye ndoo ukaitikisa kama mahindi ya kuosha, zile chembe za chaki zilizomo zitaisaga. Suuza kwa maji safi, kausha palepale kwa kitambaa kingine kikavu, kisha uizungushe mkononi uone kama kuna alama ya buluu iliyobaki. Mweupe utakuchukua muda zaidi kwa sababu ndio unaopigwa na fimbo yenye chaki. Usiianike juani. Maji ya kuchemka pia hapana.

Doa likigoma, acha kitambaa chenye sabuni juu yake dakika chache, usiongeze nguvu. Ipo pia dawa ya dukani iliyotengenezwa kwa ajili ya mipira ya pool. Bosi akiileta, tone dogo kwenye kitambaa linatosha, halafu unafuta hadi isibaki kitu. Vile vialama vyeupe kama vya moto ni msuguano wa mpira na kitambaa mtu anapopiga kwa nguvu. Siyo kosa lako, vingine havitoki, na usikubali kukatwa mshahara kwa ajili hiyo.

Kuosha hivi mara moja kwa wiki kunatosha kama kila asubuhi mnaifuta kwa kitambaa kikavu. Na wateja waliomaliza kula migebuka ya mawese waelekeze bomba lilipo kabla hawajagusa fimbo.

Fundi, mwenye meza yetu Kasulu anapuliza polishi ya dashibodi ya gari kwenye mipira. Inang'aa lakini mahesabu yangu yote yanapotea. Nimeliwa hela. Ni halali?

Hela uliyoliwa siiingilii, uliiweka mezani mwenyewe. Lakini mahesabu hujayaota. Mipira miwili ikigusana kuna msuguano kidogo, na huo unauvuta mpira unaopigwa upande ule mweupe unakoelekea. Mipira michafu inavutana zaidi, ya kuteleza inavutana kidogo. Mtu aliyezoea chafu akipewa iliyopakwa silikoni ya polishi hiyo, kila pembe inamhama. Kibaya zaidi ni kupaka nusunusu. Mmoja unateleza, mwingine unang'ang'ania, na hapo hata bingwa wa mkoa atakosa mpira ulio mdomoni mwa shimo.

Polishi hiyo pia haibaki kwenye mpira. Inahamia kwenye kitambaa, inakutana na chaki na ile poda mnayojimwagia mikononi, na mnapata utando ambao brashi haiutoi. Mwambie mwenye meza afanye alichoambiwa binti wa Mwanga hapo juu. Anayetaka kung'arisha gari aende kwenye gari.

Mzee wetu hapa Ujiji anasema mipira ya zamani ilikuwa ya pembe za ndovu zilizopita hapahapa. Anatutania?

Hatanii. Karne ya 19 misafara ilibeba pembe kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ikapita Ujiji, Tabora, hadi pwani na Zanzibar, na kule Ulaya na Marekani zikawa vitufe vya piano na mipira ya biliadi. Pembe ilipozidi kuwa ghali, watengenezaji wa Marekani walitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata mbadala. John Wesley Hyatt akaja na selulosi ya nitrati, ile seluloidi, ambayo ilikuwa na tabia ya kushika moto. Nawakumbusha hili wenye petroli.

Ya leo iko ya aina mbili kubwa. Ile mizuri ni ya resini ya fenoli, plastiki ngumu, maarufu zaidi ikiwa Aramith ya Ubelgiji. Iliyojaa kwenye baa zetu ni poliesta, plastiki laini zaidi na nyepesi kuchubuka. Nikiwaambia fulana na sabuni, nawazia hiyo ya poliesta mliyo nayo.

Namba nane imemeguka kipande. Gundi ya supa itashika?

Itashika, kisha itaruka, na ukingo wake utachana kitambaa ambacho bei yake inazidi ya mpira huo mara nyingi. Toa, nunua mwingine wa kipimo hichohicho.

Niko Tabora, nimenunua seti mpya kabisa. Nianze kwa kuipaka nini?

Usiipake kitu. Ifute vumbi la boksi kwa kitambaa kikavu, ipange. Ila meza yako ipige brashi kwanza, maana ujumbe wako mwingine ulisema kitambaa hakijaguswa tangu Pasaka.