Baraza la Wastaafu: Kiangazi kimeingia, kengele haipo tena

SWALI: Mzee wa Baraza, shikamoo. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nina umri wa miaka 60, na ninaishi Uyole, Mbeya, pamoja na mke wangu, ambaye bado anauza mboga sokoni siku tatu kwa wiki. Nilistaafu mwezi Desemba, mvua zikiwa zimeshika kasi, nikawa na palizi na safari za kufuatilia mafao, kwa hiyo sikuhisi lolote. Sasa mahindi yamevunwa, mvua zimekatika, na mchana umekuwa mrefu mno kwangu. Ninaamka saa kumi na moja alfajiri kama zamani, ikifika saa mbili nimekwisha kufagia uwanja, kisha ninabaki kuizunguka nyumba. Mke wangu analalamika kwamba ninakagua sufuria zake kama nilivyokuwa nikikagua madaftari. Watoto walioko Dar es Salaam wanasema nipumzike, na rafiki yangu mmoja ananihimiza niingize kiinua mgongo chote kwenye kuku wa mayai. Unanishauri nini?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Nimekuzidi miaka tisa, na hayo ya sufuria yalinipata na mimi, ila mke wangu hakutumia lugha ya upole kama wako.

Mchana wa Mbeya haujarefuka. Wewe mwenyewe umewafundisha watoto kwamba huku kusini mwa ikweta Juni ndio mwezi wenye mchana mfupi kuliko yote, na kwamba kwetu sisi tulio karibu na ikweta tofauti kati ya mchana huo na ule wa Desemba ni kama saa moja tu. Kilichoondoka ni kengele. Kwa miaka zaidi ya thelathini mtu mwingine alikukatia siku vipande vya dakika 40, leo umekabidhiwa jora zima na huna mkasi.

Nianze na kuku ili tuwamalize. Kuku mia tatu wa mayai ni ajira yenye zamu ya usiku, na aliyetia kiinua mgongo chote humo hana cha kununulia chakula chao wala chake mwezi ule bei ya mayai itakapoanguka au ugonjwa wa kideri utakapopita mtaani. Ukiwapenda kuku, fuga kumi wa kienyeji, uwahesabu jioni wakiingia bandani, na fedha zako ziache zilipo mpaka umalize angalau mwaka mmoja wa kustaafu bila kuamua jambo kubwa.

Kazi unayo tayari, nayo iko ghalani. Umesema mahindi yamevunwa. Hukusema kama yamekauka. Mwaka wangu wa kwanza wa kustaafu niliyapukuchua yangu, nikayaonja kwa jino, nikaridhika na mlio wake, nikayafunga katika magunia ya kawaida na kwenda zangu kusalimia ndugu Tukuyu. Mwezi Oktoba nilipofungua gunia la chini nilikuta unga mwembamba umejaa kwenye mishono, na punje ukizishika zinabomoka kama biskuti. Dumuzi, mdudu mharibifu wa ghalani, alikuwa amekula kabla yetu, na magunia yaliyogusa sakafu ya saruji yalinuka uvundo. Tangu hapo siliamini jino langu.

Chukua chupa ya soda, ioshe na uikaushe juani mpaka usione tone lolote ndani. Tia mahindi mpaka theluthi yake, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyokauka vizuri, ziba, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie kama robo saa. Chumvi ikigandia kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado yana maji. Rudisha turubai juani. Isipoganda, unyevu umeshuka hadi asilimia 15 au chini ya hapo, lakini mimi bado huyaongezea siku mbili za jua, kwa kuwa kiwango kinachofaa kuhifadhia ni asilimia 13 hivi. Baada ya hapo yaweke katika mifuko ya tabaka tatu, ile ambayo wengi huiita ya kinga njaa. Mifuko miwili ya nailoni iliyo ndani uifunge mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa kamba yake, ndipo ufunge gunia la nje. Wadudu waliobaki ndani huishiwa na hewa wakafa, bila dawa yoyote, mradi nailoni haijatoboka. Kwa hiyo ijaze hewa na uisikilize kabla ya kutia mahindi, na uipange juu ya chaga, mbali na ukuta na mbali na panya. Kuanika, kugeuza, kuyaanua wingu likitanda na kuwafukuza kuku wa jirani kutakuchukulia wiki mbili nzima, na jioni utalala usingizi.

Kisha uchukue shughuli moja ya nyumba iwe yako kabisa, si ya kusaidia. Nasisitiza tofauti hiyo, kwa maana mume anayesaidia huuliza maswali kumi na kumchosha anayesaidiwa, wakati mwenye kazi yake haulizi. Mimi nilichukua mashine. Kila Jumanne ninabeba debe langu hadi kwenye mashine ya kusaga, ninajua sisi tunakula dona na binti yetu akija anataka sembe, na ninajua unga ukitoka moto haufungwi upesi, hutandazwa kwanza upoe usije ukavunda. Siku ya kwanza nilipenya mbele ya foleni, nikidhani mvi zinatosha. Kina mama walinitazama tu, wala hawakusema neno, nikarudi nyuma mwenyewe nikakaa juu ya debe langu. Sasa nikichelewa Jumanne wananiulizia, na mtu anayeuliziwa ana sababu ya kuvaa viatu. Kwa kuwa mkeo ni wa sokoni, mwulize ni shughuli ipi inayomkera zaidi. Huenda ni kubeba mizigo alfajiri kutoka kwenye daladala, na saa kumi na moja wewe uko macho bila kazi.

Mchana baada ya chakula ni wa bao. Kama hulijui vizuri, huu ndio wakati. Lina mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji zake 32. Katika bao la kiswahili unaanza na kete sita kwenye shimo kuu liitwalo nyumba, mbili na mbili katika mashimo mawili ya jirani, na 22 unabaki nazo mkononi za kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja. Mwalimu wa hesabu hupata kiburi siku mbili za mwanzo, siku ya tatu fundi cherehani asiyejua kugawanya kwa karatasi anamfunga. Tafuta kivuli chenye wachezaji wanaokuzidi na uvumilie.

Kuhusu siku ya pensheni nina neno dogo tu: si lazima uwe benki siku ile ile fedha zinapoingia, kwani foleni yake ni ndefu na wenye mikono myepesi wanaijua kuliko sisi. Nenda siku ya tatu au ya nne, asubuhi, na namba yako ya siri asiijue dereva wa bajaji, mjukuu, wala mtu anayekupigia simu akijiita ofisa wa mfuko.

SWALI: Kamwene, Mzee wa Baraza. Mimi ni muuguzi mstaafu, niko Iringa vijijini. Mama yangu aliniachia kinyungu kando ya kijito, na kila kiangazi nimekuwa nikilima mboga na maharage mabichi pale. Mwaka huu mtendaji wa kijiji ametuambia tusilime tena karibu na maji, na kwa kweli magoti yangu nayo hayataki tena kushuka bondeni. Lakini bustani ile ndiyo ilikuwa starehe yangu. Nifanyeje?

JIBU: Kamwene, Mama. Mtendaji wako hakubuni jambo hilo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au chanzo cha maji, na vinyungu vyetu vingi, ambavyo wazee walivichagua kwa sababu ile ile ya kuwa karibu na maji, viko ndani ya eneo hilo. Ninajua inauma. Vinyungu ndivyo vilivyotulisha kitoweo kati ya Julai na Novemba tangu utotoni, na sioni haya kusema kwamba ndizi nilizozipanda kando ya kijito chetu niliziacha kwa shingo upande. Hata hivyo vijito hivyo ndivyo vinavyokwenda kuujaza Ruaha Mkuu, na kila mwenye umri wetu amekwisha kuona kijito kimoja au viwili vikikauka Oktoba ambavyo zamani havikuwa vikikauka. Pima mita zako kwa kamba. Ikiwa sehemu ya juu ya shamba iko nje ya 60, iambie ofisi ya kijiji ije ione na uendelee nayo.

Kwa ajili ya magoti, panda kwenye gunia hapo nyumbani. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza vizuri. Weka kopo kubwa lisilo na kitako katikati ya gunia, lijaze kokoto, zungushia udongo, kisha livute kopo juu na urudie mpaka gunia lijae, ili katikati ubaki mnara wa mawe wa kupitishia maji hadi chini. Toboa matundu ubavuni kwa kisu, upande miche ya chainizi, figiri na mnafu kwenye matundu na juu yake. Utachuma ukiwa umesimama, au umekaa kwenye kigoda. Maji uliyooshea mchele na mboga yanafaa sana. Yenye sabuni nyingi usiyatumie. Mwagilia alfajiri, au jioni jua likishalegea, na ufunike udongo kwa majani makavu, kwa sababu upepo wa Agosti na Septemba huku kwetu hukausha haraka kuliko jua lenyewe. Baridi ya Juni na Julai ikitishia jalidi, funika miche usiku kwa magunia na ufunue asubuhi.

Umeandika kwamba bustani ile ilikuwa starehe yako, nami sidhani kama ulimaanisha maharage peke yake. Mlikuwa mnashuka wangapi bondeni? Kama wenzako wameambiwa neno hilo hilo, basi nao wako nyumbani na magoti yao. Jazeni magunia ya huyu wiki hii na ya yule wiki ijayo, kwa chai.

SWALI: Wajukuu wangu watatu wanakuja Mafinga likizo ya Juni kutoka Dar es Salaam. Ninatamani kuwatoa siku moja, lakini mfuko wangu ni mdogo na milima siiwezi. Niwapeleke wapi?

JIBU: Mzee mwenzangu, panda nao basi la Iringa na mshuke Isimila, kama kilomita 20 kabla ya kufika mjini. Pale ziligunduliwa zana za mawe mwaka 1951, wataalamu wakachimba mwaka 1957 na 1958, na bado utaona mashoka ya mawe yametapakaa chini yanakoonyeshwa. Watoto watashuka na mwongozaji korongoni kuziangalia nguzo za udongo zilizochongwa na mmomonyoko, ambazo ni ndefu kuliko nyumba. Wewe ubaki juu kivulini, kwa maana mteremko upo. Kama hata kutoka barabara kuu kuingia ndani ni mbali kwako, chagua Kalenga, ambako kuna makumbusho madogo yenye fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Usiunganishe sehemu hizo mbili kwa siku moja. Mtoto aliyechoka hakumbuki chochote isipokuwa njaa. Wasomaji wa upande wa Mbeya wenye swali kama hili wanaweza kwenda Mbozi kukiona kimondo, ambacho kinakadiriwa kuwa na uzito wa tani 12, na ambacho kila mjukuu atataka kukigonga kwa jiwe asikie mlio wake. Mkatazeni.

Bebeni viazi vya kuchemsha na chai kwenye chupa, vitawapunguzia gharama ya hotelini. Na kabla hawajafika, pita kwenye mitumba uwanunulie sweta nzito, kwani mama yao atawafungashia nguo za Dar es Salaam akidhani Juni ni Juni popote. Wakilalamika baridi usiku, ongeza blanketi. Jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala, kwa kuwa hewa yake yenye sumu haina harufu wala haimwamshi aliyelala. Lipashe sebule moto mlango ukiwa wazi wakati mnakula, kisha litolewe nje kabla mtu yeyote hajapanda kitandani, hata kama makaa yanaonekana yamekwisha kuwa majivu.